Mtu akili ikimgoma kazini tusikimbilie kumwita mvivu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawana umakini kwa sababu ya uvivu na simu, na dawa yao ni kubanwa tu. Kuhusu simu nakubaliana naye kiasi na nitafika huko, ila hilo la uvivu limenikaa rohoni tangu nilisome, maana mimi ni karani wa hesabu, kazi yangu ni kukaa na tarakimu kutwa nzima, na nimeona wachapakazi wazuri kabisa wakiharibiwa majina kwa sababu akili iliwagoma na hakuna aliyejisumbua kuuliza imegoma kwa nini.

Hali yenyewe anaijua aliyeipitia. Unafungua ankara, unasoma mstari wa kwanza, ukifika mwisho hujui umesoma nini, unarudi unasoma tena, macho yanapita juu ya maandishi lakini hakuna kinachoingia. Unainuka kwenda kabatini, unafungua mlango, unabaki umesimama pale hukumbuki ulifuata faili gani. Mtu anakuuliza swali jepesi tu na jibu unalijua lakini neno haliji, au jina la mtu mliyekaa naye miaka linakupotea ukiwa katikati ya sentensi. Kazi ya nusu saa inakula asubuhi nzima, alafu jioni unatoka umechoka hasa na ukiangalia ulichomaliza hakionekani. Sasa mvivu anachoka hivo kwa lipi? Huyu mtu anatumia nguvu mara mbili ya wenzake ili apate nusu ya wanachopata wao, na juu ya hapo anatumia nguvu nyingine kuficha asijulikane.

Nieleze jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi kulikuwa na dada kitengo cha kumbukumbu, mtu ambaye ukimuuliza faili lolote alikuwa anajua liko wapi bila kuangalia rejista. Taratibu akaanza kubadilika. Anaandika barua anaacha neno, anapokea simu akikata tu hakumbuki nani kapiga, akipanda ngazi anasimama katikati anahema. Na kitu kimoja ambacho sote tulikiona tukakipuuza, alikuwa anatafuna barafu, yaani ana kikombe cha barafu pembeni ya kibodi anatafuna moja baada ya nyingine mpaka sauti inasikika meza ya pili. Bosi akamwandikia barua ya onyo kwa uzembe. Baadaye alipokuja kupimwa damu akakutwa ana upungufu mkubwa wa madini ya chuma, na kumbe hamu ya kutafuna barafu ni dalili inayojulikana kabisa kwa madaktari kwa mtu aliyepungukiwa chuma. Mwili ukikosa chuma unashindwa kutengeneza himoglobini ya kutosha ya kubeba oksijeni, na ubongo ndo unaumia haraka maana ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Alitibiwa na akarudi kuwa yule yule. Ile barua ya onyo mpaka naondoka pale ilikuwa bado imo kwenye faili lake, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, akili kuwa nzito ni dalili, na dalili inatafutiwa chanzo. Vyanzo viko vingi kuliko watu wanavyofikiri. Tezi ya shingoni ikifanya kazi chini ya kiwango mtu anakuwa mzito wa mwili na wa mawazo, anasikia baridi wakati wenzake hawasikii. Vitamini B12 ikipungua mtu anasahausahau na vidole vinakufa ganzi, na wanaotumia metformin ya kisukari kwa muda mrefu inaweza kuwapunguzia hiyo vitamini kwa hiyo waombe kupimwa, wasiache dawa kienyeji. Sukari yenyewe ikipanda au kushuka inavuruga umakini. Dawa za mafua na mzio za aina ya zamani kama chlorpheniramine zinaleta usingizi, na mtu anameza asubuhi anaenda kazini anashangaa kichwa hakifanyi kazi. Wamama wanaokaribia kukoma hedhi wengi wanapitia hili wanajilaumu bure. Walioumwa Uviko nao wapo, Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilitoa maelezo rasmi ya hali inayobaki baada ya Uviko na kati ya dalili zake kuu likataja uchovu, kupumua kwa shida na matatizo ya kufikiri na kukumbuka. Na sonona jamani, watu wanadhani sonona ni kulia tu, kumbe kushindwa kutuliza akili au kushindwa kuamua hata kitu kidogo ni moja ya dalili zake za msingi.

Lakini kabla ya hayo yote kuna usingizi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo mahali tunapojidanganya sana. Mwaka 2003 watafiti Marekani wakiongozwa na Hans Van Dongen walichapisha utafiti wao wa watu wazima wenye afya waliopangiwa muda wa kulala kwa usiku 14 mfululizo, wengine jumla ya saa 8 kila usiku, wengine saa 6, wengine saa 4. Wale wa saa 6 kushuka chini uwezo wao wa kukaa makini ulishuka siku hadi siku mpaka wakawa wanafanana na watu waliokesha usiku mmoja mpaka miwili bila kufumba macho. Cha kutisha zaidi ni kwamba walipoulizwa wanajisikiaje walikuwa hawaoni kama wameharibika kiasi hicho. Mtu wa saa 6 wengi wetu tunamwona analala vizuri tu! Na kule Australia mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu akikaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake unafanana na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi mtu haruhusiwi kuendesha gari. Hebu piga hesabu, umeamka saa 10 alfajiri, ikifika saa 3 usiku uko hapo, na kuna mtu muda huo bado anamalizia ripoti inayotakiwa kesho na anategemewa asikosee hata tarakimu moja.

Kahawa sasa. Ubongo ukiwa macho unajikusanyia kemikali inaitwa adenosini ambayo ndo inakufanya usikie usingizi, kafeini inachofanya ni kukaa kwenye nafasi ambazo adenosini ingeshika, kwa hiyo deni la usingizi liko pale pale isipokuwa hulisikii. Alafu kwa mtu wa kawaida nusu ya kafeini inachukua kama saa 5 kuondoka mwilini, ukinywa saa 10 jioni ili umalizie kazi, saa 3 usiku nusu yake bado unayo, unalala usingizi mwepesi, kesho unaamka mzito unaongeza kahawa nyingine, na mzunguko unaendelea miezi. Mimi sisemi watu waache, nasema waikatishe mapema mchana. Na kuna wanaolala jumla ya saa 8 nzima na bado wanaamka wamechoka, hao kama wanakoroma sana na mwenza anasema pumzi inakatika inarudi na mshtuko basi wakamwone daktari, hiyo ni hali ya kukatika pumzi usingizini na ina matibabu.

Tukija kwenye upande wa ofisi, hapa ndo sikubaliani kabisa na dawa ya kubana watu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na shida ya watu wa rada, wanakaa wanaangalia skrini na baada ya muda wanakosa kuona kitu kilicho mbele yao. Mtafiti Norman Mackworth akatengeneza jaribio, mshale unaruka hatua moja moja kwenye uso kama wa saa na mara chache unaruka hatua mbili, kazi yako ni kuona tu pale unaporuka mbili. Matokeo aliyochapisha mwaka 1948 yalionyesha umakini unashuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Hao walikuwa vijana wa jeshi wenye afya, na ni vita, huwezi kuwaita wavivu. Sasa sisi tunamkalisha mtu kwenye kuhakiki orodha ya malipo saa 4 mfululizo bila kuinuka alafu tunashangaa kosa limepita.

Na simu kama nilivosema, ni kweli zinavuruga, ila angalieni meseji zinatoka wapi. Meseji nyingi zinazomkatisha mtu zinatoka kwenye grupu la ofisi hiyo hiyo, bosi anatuma kitu anataka kijibiwe saa hiyo hiyo, kikao kinaitwa ghafla, mtu anapita mezani "samahani dakika moja tu". Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihamishwa kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla hajamaliza, sehemu ya mawazo yake inabaki kule alikotoka na ile kazi mpya anaifanya vibaya zaidi. Ongeza hapo kwamba akili inashika vitu vichache sana kwa wakati mmoja, Nelson Cowan mwaka 2001 alikadiria kama vinne hivi. Mtu ana tarakimu ya ankara kichwani, ana namba ya akaunti, ana jina la mteja, unapomkatisha vyote vinadondoka na anaanza upya, na ukimkatisha tena anaanza upya tena. Mwisho wa siku unasema huyu hana umakini.

Kuna kitu kidogo kinachosaidia na huyo huyo Leroy pamoja na Theresa Glomb walikipima mwaka 2018, kwamba ukikatishwa kabla hujaondoka andika haraka umefikia wapi na ukirudi utaanzia nini. Mimi natumia penseli pembeni ya karatasi, naandika "nimehakiki mpaka mstari wa 42, wa 43 stakabadhi haipo, muulize keshia", basi, sekunde chache tu, alafu ndo namgeukia aliyeniita. Nikirudi sianzi mwanzo. Kingine tarakimu nazisoma kwa sauti ya chini huku kidole kiko juu yake, macho yaliyochoka yanaruka lakini mdomo hauruki kirahisi. Kazi ngumu iende kwenye saa ambazo wewe mwenyewe unajijua uko vizuri, kwa wengi ni asubuhi lakini sio wote, na zile za kupanga mafaili na kujibu barua za kawaida zibaki kwa muda ambao kichwa kimeshachoka. Inuka utembee, kunywa maji, fungua dirisha maana chumba kilichojaa watu bila hewa kupita kinachosha jamani. Siku akili imegoma kabisa usihakiki kazi yako peke yako, mpe mwenzako aipitie, na yeye siku yake ikifika mpitie.

Haya yanasaidia ila hayatibu kila kitu, na nisingependa mtu asome hapa aendelee kuandika na penseli miezi na miezi wakati tezi yake inamwumiza. Kama hali imezidi wiki kadhaa na usingizi umeshaurekebisha, nenda kapime. Na kama imekuja ghafla, mtu anachanganyikiwa hapo hapo, uso umeenda upande, mkono mmoja hauna nguvu au maneno hayatoki sawasawa, hiyo inaweza kuwa kiharusi na huyo anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hakuna kusubiri akapumzike nyumbani aone.

Kwa wakubwa wa kazi nina ombi. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyopitishwa mwaka 2019 liliingiza kuchakaa kwa mtu kutokana na kazi, likaeleza ni matokeo ya stresi ya kazini ya muda mrefu ambayo haijashughulikiwa vizuri, na halikuuita ugonjwa, liliuweka kama jambo linalohusu kazi. Maana yake sehemu ya dawa iko mikononi mwenu. Tengeni hata saa mbili asubuhi ambazo hakuna kikao wala meseji ya grupu, meseji za usiku zisubiri asubuhi, na mfanyakazi mzuri akianza kubadilika muiteni pembeni kwa heshima muulize kama yuko sawa na mpeni ruhusa ya siku akapime kabla ya karani hajaambiwa achape barua ya onyo.

Nawe mhariri, kwenye ukurasa wenu wa afya tunaomba daktari atueleze kwa lugha nyepesi mtu mwenye hali hii akifika kliniki aseme nini na aombe kuanza na vipimo gani, maana wengi wakiulizwa tatizo wanajibu "nimechoka tu" na wanarudishwa nyumbani na dawa za maumivu.

Ni mimi msomaji wenu,
Karani wa hesabu