Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: naomba ile karatasi ya vipimo vya maji

Mheshimiwa Diwani,

Salaam. Natumaini wewe na familia hamjambo, na birika lenu linachemka vizuri.

Mimi ni yule mama dobi wa banda la bluu, nyuma ya kijiwe cha bodaboda. Shati jeupe ulilovaa siku ya kuapishwa lilipita mikononi mwangu, na ulilisifia. Sikukuambia wakati ule kwamba nililifua kwa maji ya mvua niliyokinga kwenye mapipa. Kwa maji ya kisima chetu lingetoka na rangi ya majivu, ukaape umevaa majivu.

Jumatatu, saa nne asubuhi, mashine ilizima ikiwa na mashuka kumi na manne ya gesti. Fundi alipofungua nyuma na kuchomoa koili ya kuchemshia maji, nilidhani ametoa kitu kingine. Niliinunua mwezi wa tano ikiwa nyembamba kama kalamu. Sasa imenenepa kama muhogo, imevaa gamba jeupe, gumu. Akaigonga kwa spana. Gamba likadondoka vipande vipande kama maganda ya mayai, na chuma cha ndani kimepasuka. "Mama, mashine yako nzima," akasema. "Hii kazi ya maji." Ni koili ya tatu tangu kisima kifunguliwe. Mashine yenyewe niliikopea kikoba, na siku ya marejesho hakuna anayeniuliza habari za koili.

Nyumbani nako ni yale yale. Birika la umeme limefanya ukoko chini kama sufuria ya wali, ila ukoko huu watoto hawaugombanii. Pasi ya mvuke inatema vijiwe vyeupe juu ya suruali nyeusi ya mteja. Bomba la kuogea limebakiwa na matundu matatu, na moja linaogesha ukuta. Kipande cha sabuni kilichokuwa kinamaliza wiki sasa kinakwisha siku ya tatu, povu hamna, unabaki na utando wa kijivu kwenye beseni.

Mwanangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenifumbua macho. Anasema maji haya ni magumu, yaani yamebeba kalsiamu na magnesiamu kutoka ardhini. Ukiyachemsha, kalsiamu inageuka chokaa na kung'ang'ania pale penye moto zaidi, yaani kwenye koili. Chokaa ikishakuwa nene, joto haliyafikii maji vizuri, koili inajiunguza yenyewe, na yuniti za LUKU zinateketea. Akamimina siki ndani ya birika, ukoko ukaanza kuchemka mapovu. Kumbe povu lipo, ila si la sabuni! Siku hizi nanunua siki kuliko muuza chipsi.

Tusielewane vibaya. Sijasema maji yana sumu. Jirani yangu anasema yanaleta mawe kwenye figo. Mimi si daktari, siligusi hilo. Wala sikudai ziwa. Najua Dodoma hatuna mto wa mwaka mzima, mji umeishi kwa visima vya Mzakwe, mvua ni ya msimu mmoja, na tangu serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016 watu wamefurika. Bwawa la Farkwa nalo tumelisikia miaka nenda miaka rudi. Lakini kwa nini kisima chetu kizidi? Fundi anadhani kimechimbwa mahali pabaya, wengine wanasema pampu imeshushwa chini mno. Wote tunabahatisha, kwa sababu mwenye vipimo ni wewe.

Siku ya kukata utepe ulikunywa glasi nzima mbele yetu, tukapiga makofi. Ukasema, kwa kipaza sauti, kwamba vipimo vipo na vitabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji ndani ya wiki mbili. Misimu miwili ya mvua imepita. Nimekwenda kuuangalia ubao ule juzi: kuna tangazo la mbuzi aliyepotea. Mbuzi alishapatikana.

Kama inawezekana kuyachanganya na maji ya bomba kubwa, yachanganywe. Kama kuna mtambo wa kulainisha, tuambieni bei, tuchange. Kama yote hayawezekani, semeni hayawezekani, nami nitaongeza mapipa kabla ya mvua za Desemba. Na koili yangu je? Haya, koili nimeisamehe. Nimeelezwa kwamba maji yakipita miligramu 180 za kalsiamu kabonati, ndiyo ile chokaa, kwa lita moja yanahesabiwa magumu sana. Yetu ni ngapi? 200? 600? Bila namba hiyo fundi hajui aniuzie kifaa gani, nami sijui kama ninunue koili ya nne au nirudi kwenye beseni na mikono.

Karatasi moja tu, Mheshimiwa. Hata fotokopi. Hata iwe na doa la chai.

Shati lako la bluu liko tayari tangu Ijumaa. Ukija kulichukua, njoo nayo.

Dobi wako na mpiga kura wako,
Dodoma