Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Barabara na Vivuko Vyetu, 2024

Ndugu wanachama,

Mwaka 2024 ulitukuta tumeshalowa. Vuli ya 2023, ile ya El Niño ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutahadharisha mapema, ilikuwa haijakauka vizuri ardhini masika yalipopiga hodi. Mwishoni mwa Aprili Waziri Mkuu alisimama bungeni akataja watu 155 waliopoteza maisha nchini kwa mvua hizo. Sisi wa Upare Kusini tunajua mlima ukishiba maji unaweza kufanya nini. Walioshuhudia maporomoko ya ardhi ya Mamba Myamba, wilayani Same, ya Novemba 2009 wamo humu ndani. Kwa hiyo nianze kwa kumshukuru Mungu: safari hii tumepoteza barabara, hatukupoteza mtu.

Barabara yenyewe tuliipoteza kweli. Kivuko cha korongo la chini kiliondoka usiku mmoja wa Aprili. Lori lililokuwa lije kupakia tangawizi lilibaki ng'ambo, na tangawizi iliyokwisha oshwa haisubiri mtu. Siku ya tatu magunia yalianza kuota ukungu. Vijana walijipanga majini wakapokezana magunia begani mpaka jioni. Bodaboda zikapandisha nauli, nami sikuwalaumu, maana walikuwa wanazunguka kwa juu, njia ya kupitia msituni, na kila safari inakula cheni.

Asubuhi ile mimi na katibu tuliinama tukachungulia kalavati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya kivuko. Kinywani mwake kulikuwa na shina zima la mgomba, na mizizi yake, limebanwa na tawi la mgravilea. Nyuma yake mchanga, majani, na gunia la mbolea lililojaa tope. Kalavati lilikuwa zima kabisa, ila limeziba. Maji yalipokosa njia ya chini yakapanda, yakatafuta ubavuni palipojazwa kifusi kitupu, yakala udongo mpaka bomba likakosa wa kulishika. Bomba la pili tulilikuta limeviringika hadi kwenye magimbi ya jirani.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu katika kikao cha Mei wengi mlisema tununue makalavati makubwa zaidi, na kamati ilikataa. Bomba kubwa nalo lina kinywa, na korongo linaloteremsha mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtu litakiziba tu. Tuliamua kujenga drifti, yaani daraja mfuto: sakafu ya mawe na zege iliyolala chini, gari linapita juu yake siku za kawaida, na mafuriko yakija yanapita juu hiyo hiyo pamoja na migomba yake. Kuna siku chache za masika ambazo hatutavuka kwa saa kadhaa. Kamati inaona hilo ni nafuu kuliko kukaa wiki sita bila kivuko.

Barabara hii iko chini ya TARURA, wakala uliokabidhiwa barabara za vijijini na mijini mwaka 2017, kwa hiyo hatukugusa jiwe kabla ya kupata ridhaa ya mhandisi wa wilaya. Wapo waliolalamika kwamba tunafanya kazi ya Serikali. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli tunayonunua inachangia shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizi. Lakini mtandao wa TARURA unapita kilomita 144,000 nchi nzima, na korongo letu ni moja. Tulikubaliana hivi: wao walileta fundi wa kupima na greda la siku mbili, sisi mawe, mchanga, maji na mikono.

Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, wa siku tisa ulifanyika Agosti, korongo likiwa na maji ya kufika kifundoni tu. Tulichimba hadi kufikia mwamba upande wa juu. Upande wa chini mwamba haukupatikana, tukashusha ukuta wa mawe mpaka chini ya kina ambacho maji yalikwishachimba. Fundi alisisitiza hapo, na naomba wote mwelewe, kwa sababu ndipo drifti nyingi hufia. Maji yakianguka kutoka ukingo wa sakafu yanachimba shimo, shimo linarudi nyuma chini ya zege, na siku moja zege linaning'inia hewani kisha linakatika. Ndiyo maana tulitandaza mawe makubwa mbele ya ukuta ule, yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya. Katikati pa sakafu tuliinamisha kidogo kama ungo, ili maji yashike katikati yasile kingo. Nguzo nne zenye rangi nyekundu zimesimama pembeni: maji yakigusa nyekundu, dereva asubiri. Naomba vijana wasizichezee.

Vuli iliyopita sakafu ilifunikwa na maji mara mbili. Tulifagia mchanga, tukapita.

Sasa niseme lililoniumiza. Mwaka juzi tulimlipa mkandarasi mmoja kumwaga kifusi kwenye mlima wa shule. Alimwaga, hakushindilia, hakuchonga mtaro hata mmoja, na fedha yote ikateremka na mvua hadi bondeni. Kosa la kumlipa kabla ya ukaguzi lilikuwa letu kamati. Tangu sasa malipo ya mwisho hayatatoka kabla wanachama watatu wasio wa kamati hawajatembea kipande chote kwa miguu.

Mlima ule ule mwaka huu tumeutendea vingine: kifusi kidogo, mitaro mingi. Kila hatua 30 hivi tumekata mtaro mdogo wa kutolea maji pembeni kabla hayajapata nguvu. Tatizo likawa maji hayo yaende wapi, kwa kuwa pembeni ni mashamba ya watu. Tuligombana, tusifichane. Mzee mmoja mwenye maharage chini ya kona ya pili alikaa nasi jioni tatu, mwishowe akasema tumchimbie ngazi za mawe na kupanda majani ya mabingobingo pale maji yanapotua, naye ataruhusu. Tulifanya hivyo. Babu zetu walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo, wakakusanya maji ya usiku kwa ajili ya umwagiliaji wa mchana, wakayagawa kwa zamu. Mzee huyu alitukumbusha kwamba maji huongozwa kwa kukaa chini na jirani. Kwa niaba yenu namshukuru.

Jambo ambalo halijatatuliwa ni la kingo za korongo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Shina lile la mgomba halikuanguka kutoka mbinguni. Lilipandwa ukingoni na mmoja wetu, na mimi mwenyewe nina mashina yangu kule. Nimeanza kung'oa ya kwangu. Naomba mkutano huu upange muda wa kila mmoja kuondoa yake, na miche ya asili ipandwe badala yake. Vilevile wenye mifereji inayofurika barabarani usiku wafunge vizuizi kabla ya kulala.

Hesabu zimebandikwa hapo mlangoni. Mweka hazina atazisoma mstari kwa mstari baada yangu, na swali lolote lijibiwe hapa hapa.

Kwa mwaka 2025 kamati inaomba idhini ya kazi moja kubwa tu: kivuko cha juu, pale wanapovukia watoto wa shule. Korongo hapo ni jembamba na lina kina, drifti haifai. Tumemwomba mhandisi atupimie daraja la upinde wa mawe, kama yale ambayo TARURA imeyajenga Kigoma, kwa kuwa mawe tunayo na mafundi wa kuchonga wapo.

Kabla ya hapo, masika yako njiani. Msaragambo wa kuzibua mitaro ni kila Jumamosi ya Februari, saa moja asubuhi, tunaanzia kona ya pili. Mwenye sururu aje na sururu, mwenye karai aje na karai.