Kayaki ya kukunjwa hujazwa na maji ya juu

Mhariri,

Mwandishi wenu ameeleza vizuri kuziba kwa gundi matundu ya kayaki ya kukunjwa (mtumbwi mwembamba wa kasia unaokunjika ukabebwa), lakini baharini maji mengi huingia kwa juu, wimbi linapovunjikia pale mpiga kasia anapoketi.

Kayaki nyingi za plastiki za baharini zina kuta za ndani zinazotenga omo (mbele) na tezi (nyuma). Ya kukunjwa ni fremu iliyovishwa ngozi, yaani kitambaa kigumu kisichopitisha maji. Kwa kawaida haina kuta hizo, hivyo maji hutambaa kote. Lita 100 ni kilo 100, nazo hukimbilia upande ule ule chombo kinakolalia! Mimi hufunga mifuko ya hewa omo na tezi, kisha navaa sketi ya kuzuia maji, inayobana kiunoni na kufunika tundu la kukalia. Bora zaidi ni mfuko mkubwa unaobanwa ukingoni mwa tundu la kukalia, ukaingiza miguu na kiuno humo: ukipinduka, maji hujaa mfuko tu. Joto lake ni adha, lakini navumilia.

Daktari Mjerumani Hannes Lindemann alivuka Atlantiki mwaka 1956 kwa kayaki ya aina hii, akapinduka njiani na bado akafika.

Na mchanga uoshwe kabla ya kukunja, maana ukibaki kati ya fremu na ngozi huisugua kutoka ndani hadi itoboke. Hapo ndipo gundi yenu itahitajika.

Mpiga kasia wa siku nyingi