Somo la programu lisianze na mbwa na paka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwafikie wahadhiri na wanafunzi wa kompyuta wa vyuo vya Arusha na Moshi. Ufundishaji wa programu za objekti, yaani programu zinazojengwa kwa vipande vyenye data na kazi zake pamoja, una kasoro inayowagharimu vijana wetu, nayo huingia mapema. Mwanafunzi anaambiwa Mbwa ni Mnyama, Paka ni Mnyama, basi wote wanarithi klasi ya Mnyama, yaani wanachukua sifa za kiolezo hicho cha kuundia objekti. Anatoka darasani akiamini kwamba somo zima ni urithi. Urithi ungesubiri. Cha kutangulia ni ulinzi wa data.

Tuchukue AMCOS ya kahawa, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kitu ambacho kijana wa Kibosho au Marangu hahitaji kuelezwa. Mkulima analeta kahawa, inapimwa, anapata malipo ya awali, na mnada ukishapita analipwa ya pili, huku deni la pembejeo likikatwa. Mwanafunzi anaandika klasi ya Akaunti na kuliacha salio wazi, sehemu yoyote ya programu iweze kulibadilisha. Kwenye skrini ya malipo anapunguza salio, kwenye skrini ya pembejeo analipunguza tena, na kwenye marekebisho ya mwisho wa msimu hivyo hivyo. Mahali patatu, na mahali pamoja kati ya hapo amesahau kuuliza kama salio linatosha. Siku mkulima mmoja akionekana na salio la hasi 40,000, itabidi programu nzima ipekuliwe mstari kwa mstari.

Salio lifungwe ndani ya Akaunti, liguswe kwa metodi (kazi za klasi) mbili tu, weka() na kata(). Metodi ya kata() ikatae sifuri, ikatae hasi, ikatae kiasi kinachozidi salio. Hapo kosa likitokea, pa kuangalia ni mahali pamoja tu. Wapo wanaolifunga salio halafu wakaongeza metodi ya badilishaSalio() inayopokea namba yoyote ile. Huko ni kufunga mlango na kuuacha ufunguo kwenye kitasa.

Mizani nayo ina mtego wake. Kompyuta hutunza namba za desimali za kawaida kwa mfumo wa tarakimu mbili, na humo sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu, kama theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali zetu. Anza na 0.0 katika lugha ya programu ya Java, ongeza 0.1 mara kumi, moja baada ya nyingine, utapata 0.9999999999999999. Kwa hiyo uzito utunzwe kwa gramu, fedha kwa shilingi au senti, zote namba nzima. Klasi ya Uzito ikifanya kazi hiyo peke yake, skrini hazina haja ya kujua.

Sasa turudi kwenye urithi, maana hapa ndipo miradi mingi ya wanafunzi inapokwama. Mtu anaandika Mwanachama, chini yake Mkulima, chini yake MkulimaMwenyeMkopo. Mchoro unapendeza. Lakini Java inaruhusu klasi kurithi klasi moja tu, na objekti ikishaundwa haibadilishi klasi yake. Mkulima akimaliza deni lake mwezi wa saba, atatokaje kwenye MkulimaMwenyeMkopo? Itabidi objekti mpya iundwe na kila taarifa ihamishwe, na ile ya zamani bado imeshikwa na orodha ya malipo. Akichaguliwa mjumbe wa bodi, mti wote unapasuka. Kiswahili chenyewe kinatupa kipimo: tofautisha “ni” na “ana”. Mwanachama ana mkopo, ana wadhifa. Vyote hivyo viwe objekti zinazojitegemea, anazoweza kupewa na kunyang'anywa.

Hata pale “ni” inapofaa, klasi mtoto lazima iweze kukaa mahali pa mama bila kumshtua anayeitumia, kanuni inayofungamana na jina la mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov tangu 1987. AkauntiIliyofungwa inayorithi Akaunti halafu inakataa weka() imeivunja.

Lugha ya Simula, iliyoleta klasi na objekti, ilibuniwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kuiga shughuli halisi. Kumpa mwanafunzi foleni ya mizani kipindi cha mavuno ni kumrudisha kwenye chimbuko la jambo lenyewe.

Ombi langu kwa wahadhiri ni kwamba kazi ya muhula itolewe kwa awamu mbili, na ya pili isitangazwe hadi ya kwanza ikusanywe. Awamu ya kwanza: pokea kahawa, lipa, kata deni. Awamu ya pili: AMCOS imeanza kupokea parachichi, ambazo hazina malipo ya pili. Nusu ya alama itokane na awamu hii. Kwa Git, programu inayotunza kumbukumbu ya mabadiliko ya faili, mhadhiri ataona ni faili ngapi zimeguswa. Aliyeongeza klasi moja ya kanuni ya malipo na kugusa faili mbili ameelewa usanifu. Aliyebadilisha faili kumi na moja akipachika “kama ni parachichi” kila mahali aitwe, aketi na mhadhiri wake mbele ya faili hizo, apewe wiki moja ya kuzirudia.

Msomaji wako,
Moshi