Mchambuzi wa filamu asinipangie cha kupenda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mchambuzi wenu wa filamu, ambaye safu yake siikosi ingawa mara nyingi nabishana nayo. Safari hii amewakejeli wapenzi wa filamu za Kihindi. Saa tatu za nyimbo na machozi, anasema, ni burudani ya wasioijua sinema.

Namkumbusha filamu ya Kihindi ya Sholay. Ilipotoka Agosti 1975, wachambuzi wengi wa India waliiponda, na kwenye tuzo za Filmfare ikaambulia moja tu, ya uhariri. Watazamaji hawakuwangoja. Ukumbi wa Minerva, Bombay, uliionesha kwa zaidi ya miaka mitano, na watu wakawa wananunua santuri zenye maneno ya Gabbar Singh, jambazi wa filamu hiyo, si nyimbo peke yake. Huku Tanga wapo hadi leo wanaomwigiza Gabbar, kicheko na yote, na Kihindi hawajui hata salamu. Mwaka 2002 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, iliwauliza wachambuzi wataje filamu bora za India, na Sholay ikashika nafasi ya kwanza. Basi wasiojua sinema walikuwa nani?

Hata hivyo, sitaki safu hiyo ifutwe. Usemi wa "kila mtu na ladha yake" umegeuka kichaka cha kujifichia watengenezaji wetu wa Bongo Movie. Jenereta likimeza maneno ya mwigizaji, hiyo si ladha. Kisa cha saa moja kikivutwavutwa ili kiuzwe sehemu ya kwanza na ya pili, hiyo nayo si ladha, ni biashara, tena ya kumwibia mteja. Hapo namtaka mchambuzi awe mkali kuliko alivyo sasa, maana naona kwa wasanii wa nyumbani anamung'unya maneno, ukali wote kaupeleka Bombay.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na mchambuzi wetu: Lufufu, na wenzake waliokuwa wakitafsiri filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya wenyewe. Alikutajia steringi ni nani, adui katokea wapi, akaongeza chumvi zake, na penye uigizaji mbovu akacheka waziwazi. Tulitoka tumeona mengi ambayo macho yetu yangeyapita. Lakini sikumbuki akituambia tusiipende filamu tuliyoilipia.

Ombi langu ni dogo. Mpelekeni mchambuzi wenu akaangalie filamu ukumbini, katikati ya watu, asimalizie kila kitu kwenye kompyuta akiwa peke yake. Atuandikie habari za sauti, mwanga, uigizaji na mtiririko wa kisa. Na zile nyota mnazochapa pembeni ya safu, mahali pake wekeni saa na ukumbi filamu inapooneshwa.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga