Wateja wanatafuta fanicha, sisi tunaandika samani

Mhariri,

Msomaji mwenzangu ameandika katika ukurasa huu kwamba mafundi wa Keko tunakosa wateja kwa sababu ya fanicha zinazoingizwa kutoka nje. Sikatai. Lakini ipo sababu nyingine ambayo naifahamu kwa kuwa imetukuta, na naomba nafasi niieleze. Mteja wa kitanda cha mninga bado yupo na hela anayo. Ila siku hizi kabla hajapanda daladala kuja Keko anashika simu kwanza, anaandika anachokitaka, na sisi hatuonekani.

Baba yangu ni seremala. Ameshika randa hapa Keko tangu 1989, na mimi tangu 2019 ndiye ninayeshika simu, daftari na fedha za karakana. Tuko watu sita. Miaka yote hiyo baba ametembea na msemo mmoja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hakukosea. Mtu alinunua meza ya chakula, shemeji yake akaja kula Idd, akaipapasa, akauliza imetengenezwa wapi, na wiki ya pili yuko mlangoni kwetu. Lakini waliokuwa wakiletana hivyo wamezeeka. Watoto wao wamejenga Goba, Chanika, Kibaha na Kigamboni, watu hawatembeleani kama zamani, na swali ambalo angeulizwa shemeji sasa inaulizwa Google.

Mwaka 2021 alitufikia kijana aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa SEO, yaani kazi ya kuifanya biashara ionekane mtu anapotafuta mtandaoni. Alituahidi kwamba ndani ya siku 30 tutakuwa wa kwanza. Nilimshawishi baba, tukalipa laki nne na nusu, na baada ya hapo elfu themanini kila mwezi kwa miezi saba. Ni milioni moja na elfu kumi. Kwa karakana kama yetu hiyo ni fedha ya mbao, na nilimwona baba akinyamaza kila nilipoitoa.

Tovuti aliyotutengenezea ilikuwa na picha nzuri za makochi ambayo hatujawahi kuyatengeneza. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, yakisifu anasa na ubora wa kimataifa. Neno Keko halikuwemo. Mninga haukuwemo, wala mkongo, wala mtiki. Baadaye binti wa dada yangu, anayesoma kompyuta chuoni, aliifungua akanionyesha kitu kilichonikata maini: chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na maneno yaleyale yamerudiwa mara nyingi kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, ili msomaji asiyaone lakini mashine iyasome. Tena anwani yetu ilikuwa imebandikwa kwenye kurasa za kigeni za kamari na dawa, eti ndizo zinazotupa nguvu. Mambo yote mawili yamekatazwa katika masharti ya Google, na ukibainika unashushwa, au unaondolewa kabisa.

Kilichoniuma zaidi ni umiliki. Jina la tovuti lililoishia na .co.tz lilisajiliwa kwa jina lake. Ukurasa wetu wa biashara kwenye ramani ya Google ulifunguliwa kwa barua pepe yake. Tulipoacha kulipa, namba ya simu ya baba iliondolewa ikawekwa nyingine, na mteja aliyetupigia kutoka Morogoro alipelekwa karakana ya mtu mwingine. Alikuja kutuambia mwenyewe mwaka uliofuata. Fikiria, Mhariri, mtu amekaa mtaa mmoja zaidi ya miaka thelathini, halafu jina lake linakodishwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimlipa.

Nikakaa chini nijifunze mwenyewe, usiku, kwa bando la simu. Jambo la kwanza nililolikuta ni kwamba Google yenyewe imeandika wazi katika mwongozo wake kuwa hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Jambo la pili, nafasi kwenye ramani haiuzwi. Wanasema wanaangalia mambo matatu: kama unachokiuza kinafanana na kile alichotafuta mtu, uko umbali gani naye, na unajulikana kiasi gani. Na kuiweka biashara pale ni bure. Milioni yetu ililipia mlango ambao haukuwa na kufuli.

Baba hakutaka tena kusikia habari hizo. Nilimrudisha kwa kumweleza jinsi kazi hiyo ilivyoanza. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, na wazo lao lilikuwa kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi una uzito, na ukitajwa na wale ambao nao wanaheshimika, uzito unazidi. Baba aliweka msasa chini. Akasema, "Kumbe ni kama fundi. Akikusifu mtu wa njiani ni kheri, lakini akikusifu fundi mwenzako, umesifiwa." Nikamwambia ndiyo hivyo hasa, na yale majina yetu kwenye kurasa za kamari yalikuwa sawa na kununua mashahidi. Tangu Aprili 2012 Google ilianza kuwasaka kwa nguvu wanaonunua ushahidi wa namna hiyo. Siku ile baba alikubali tuanze upya, kwa sharti kwamba kila kitu kiandikwe kwa jina letu.

Kuurudisha ukurasa wa ramani kulichukua majuma. Niliomba umiliki, nikasubiri, kisha nikatakiwa nithibitishe kwa video moja isiyokatwa: barabara, kibao cha duka, na ndani zana za kazi. Baba alivaa shati la Ijumaa. Nikapiga video akifungua kufuli la fremu kwa ufunguo wake mwenyewe, akaingia, akagusa randa, mashine ya kukatia na kitanda kilichokuwa hakijapigwa vanishi. Ilipokubaliwa nikahamisha na pini, ile alama ya mahali tulipo kwenye ramani, maana ilikuwa imewekwa ng'ambo ya barabara kuu na madereva wa kirikuu walikuwa wakizunguka hadi wanakata tamaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike barua hii, nalo ni lugha.

Nilichukua daftari la kurasa mia, na kila aliyepiga simu nikamuuliza: uliandika maneno gani ukatupata? Nikayaandika vilevile alivyoyataja, bila kuyanyoosha. Kitanda 5 kwa 6 mninga bei gani. Makochi ya L Keko. Kabati la nguo milango mitatu. Dabo deka za shule. Fundi wa kubadilisha kitambaa cha kochi Temeke. Meza ya TV ya kisasa. Ukurasa wa biashara nao una sehemu inayokuonyesha maneno waliyotafuta watu, nikayalinganisha na daftari, yakashabihiana. Katika daftari lote neno samani limetajwa mara moja tu, na aliyelitaja alikuwa akiandaa zabuni ya ofisi.

Lakini tembea Keko, Buguruni, popote, usome vibao na kurasa za mafundi. Utakuta samani za kifahari, au Kiingereza kitupu. Ni lugha ya kuvaa kwenda kikao. Mteja aliyejilaza kwake Mbagala saa nne usiku, ametoka kupokea hela ya mchezo, haiandiki hiyo. Anaandika kama anavyosema. Samani ni neno zuri, silitupi, na anayeuza kwa maofisi alitumie. Ila anayeuza kitanda kwa maharusi aandike kitanda, aandike ukubwa, aandike mbao, aandike mtaa. Tulipoandika tu kwamba tunabadilisha vitambaa vya makochi, kazi ambayo baba ameifanya tangu sijazaliwa na hakuna mahali tulikuwa tumeitaja, simu za kazi hiyo zilianza kuingia wiki hiyohiyo. Siku hizi kijana mmoja wa karakana hafanyi kingine.

La pili ni bei. Desturi hii ya kuweka picha na kuandika "bei njoo inbox" inatuumiza kuliko tunavyodhani. Najua sababu zake, maana nami nilikuwa nayo: mbao inapanda, jirani ataiona bei yako, na wapo wanaotaka kumpima mteja kwanza kabla ya kumtajia. Hiyo ya mwisho si haki, na wateja wameishaijua. Mtu akiuliza kitanda kwa kuandika bei gani, na ukurasa wako hauna hata tarakimu moja, ataenda kwa aliyeandika. Sisi tunaandika kuanzia kiasi fulani, na chini yake tunaeleza kinachoongeza: ukubwa, aina ya mbao, nakshi, usafiri. Mwanzo wa kila mwezi nazipitia bei zote. Na tusiiandike bei ndani ya picha peke yake, kama tunavyopenda kufanya kwa herufi nyekundu. Iandikwe pia kwa maandishi ya kawaida, ndiyo yanayosomeka kwa uhakika mtu anapotafuta.

Kuhusu matangazo ya kulipia nitasema kidogo. Tumeyajaribu kabla ya sikukuu, yakatuletea watu, na siku tuliyoacha kulipa watu wakaacha kuja. Yana wakati wake. Aliye na mtaji mdogo asianzie huko.

Nyota na maoni ya wateja ni habari nyingine. Wapo wanaoyanunua, na wapo wanaompunguzia mteja elfu kumi ili aandike sifa. Hilo nalo limekatazwa, na kwangu mimi ni uongo hata kama lisingekatazwa. Sisi tunamwomba mteja siku kitanda kinapoingia chumbani, kikiwa kimefungwa na kimesimama, aandike alichokiona. Anaandika au haandiki.

Masika ya mwaka juzi mama mmoja wa Kigamboni alitupa nyota mbili. Aliandika kwamba droo za kabati lake zimevimba, hazivutiki, na fundi hapokei simu. Baba alikasirika. Alitaka niyafute maneno yale, na yule kijana wetu wa SEO nadhani angetuuzia njia ya kuyazika. Nilimsomea baba mara mbili. Mwishowe akasema mwenyewe kwamba mbao ile ilikuwa haijakauka sawasawa, tuliiharakisha kwa sababu ya oda nyingi. Kesho yake alivuka Feri na randa ndani ya mfuko wa salfeti, akashinda kule hadi saa kumi, droo zote sita akazipunguza na kuzirudisha. Nami nikajibu chini ya maneno ya yule mama: nikaomba radhi, nikataja kosa lilikuwa nini na limerekebishwa siku gani. Hayajafutwa hadi leo. Na wateja wapya wanatuuliza, "Ninyi ndio mliovuka kwenda kutengeneza droo?" Sikujua kwamba watu wanasoma malalamiko kwanza kabla ya sifa. Sasa najua, na baba anajua, na mbao zetu zinakaa kivulini muda unaotakiwa hata mteja akipiga kelele.

Ombi langu ni hili. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo kwa ajili yetu tangu 1973, na VETA, mamlaka ya ufundi stadi, inafundisha vijana useremala, uchomeleaji na ushonaji kila mwaka. Naomba katika mafunzo yao watenge walau siku moja ya jambo hili, kwa Kiswahili, fundi akiwa na simu yake mkononi: afungue ukurasa wake kwa barua pepe yake mwenyewe na neno la siri alijue yeye, aweke pini mahali pake, aandike anachotengeneza kwa maneno ya mteja, aweke bei. Haihitaji kompyuta wala milioni. Halmashauri nazo, zinapotoa mikopo kwa vikundi vya vijana na wanawake, ziulize kama kikundi kinapatikana kwa simu kama zinavyouliza katiba na muhtasari wa kikao. Na wewe, Mhariri, una ukurasa wa biashara unaotueleza bei ya dhahabu na shilingi dhidi ya dola. Tunakuomba robo ya ukurasa huo, hata mara moja kwa mwezi, uwafundishe mafundi na mama lishe jinsi ya kuonekana, na uwaambie wasimpe mtu yeyote majina yao ayamiliki.

Daftari langu lipo mezani kwenye fremu, limefika ukurasa wa 83. Fundi yeyote, hata wa duka la jirani, anayetaka kuona wateja wanaandika nini aje alifungue anakili. Tunafungua saa mbili asubuhi, Jumapili saa nne.

Binti wa Seremala,
Keko, Dar es Salaam