Barua kwa mwanangu aliyeko Leipzig

Machame, Novemba, Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Najua safari hii huenda usiitikie, lakini sijui kuanza barua kwa namna nyingine, na kwa umri huu sitajifunza.

Dada yako amenieleza yote mawili: kwamba Desemba hii huji, na kwamba mwezi wa tisa ulikwenda ofisi ya serikali ukasaini karatasi ya kujitoa kanisani. La kutokuja nimelipokea. Nauli za Desemba nazijua, na likizo yako uliimalizia hapa ukiniuguza. Hilo la pili ndilo limeninyima usingizi. Nilimuuliza mara mbili kama si mambo ya kodi, maana nasikia huko Mkristo anakatwa kodi ya kanisa, asilimia 9 ya kodi yake ya mapato, na kijana anayetuma fedha nyumbani kila mwezi anaweza kuona mzigo. Nilitamani aseme ndiyo. Akasema, "Baba, siyo kodi. Ameacha kuamini." Kisha, nadhani kwa kunihurumia, akaongeza kwamba umejiunga na kwaya na mnafanya mazoezi ya Oratorio ya Krismasi, ule muziki mrefu wa kwaya wa mtunzi Bach.

Hapo ndipo aliponichanganya kabisa. Mtu aliyeacha kuamini anaimbaje kuzaliwa kwa Bwana? Ukifika kwenye jina lake, unafanyaje?

Sikuulizi kwa ugomvi. Nimefundisha kwaya miaka 34. Nimefukuza watu kwa kuchelewa, kwa pombe, kwa kudandia sauti za wenzao. Sijawahi kumuuliza hata mmoja kama anaamini anachokiimba. Niliona jibu limo katika kuja kwake mazoezini. Sasa nalala nikiwapitia mmoja mmoja, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na sijui.

Ule ujumbe wako mrefu dada yako alinisomea nikaunakili kwenye daftari la nota ili niujibu taratibu. Unasema katika kwaya yenu wanaokwenda kanisani ni wa kuhesabu. Unasema watu wengi wa mji huo hawana dini yoyote wala hawakuasi. Wazazi wao walikulia chini ya ile serikali ya Ujerumani Mashariki, ambako kijana aliyeshikamana na kanisa angeweza kunyimwa nafasi ya chuo kikuu, na baada ya miaka 40 ya namna hiyo watu wakawa wamezoea kuishi bila. Lakini Desemba ikifika wanajaa kanisa la Thomaskirche kumsikiliza Bach, na ngoma zile za mwanzo zikigonga peke yake, kabla hata filimbi hazijaingia, mzee anayesimama pembeni yako anatoa kitambaa. Ulimuuliza analia nini, akakujibu kwamba anakumbuka jiko la bibi yake.

Huyo mzee nimemwelewa. Anajua kinachomliza, na hakukisingizia kitu kingine. Wewe umeandika kurasa nne na hukusema kinachokuliza wewe.

Umeniletea mifano pia. Yule mtunzi wa muziki Mwingereza, Vaughan Williams, mtoto wa mchungaji, ambaye tangu akiwa Cambridge alisema haamini, na bado akakubali kusimamia muziki wa kitabu cha nyimbo cha Waanglikana kilichotoka 1906. Sikuwa namjua. Nimemwomba mwalimu wa sekondari anitafutie habari zake kwenye simu, na nimemheshimu. Alikwenda vijijini akakaa na wakulima, akaandika nyimbo zao zisife nao, na tuni moja ya mkulima akaivisha maneno ya mji wa Bethlehemu, ambayo Waingereza wanayaimba kwa tuni hiyo kila Krismasi. Lakini angalia vizuri alichokifanya, mwanangu. Alishughulika na tuni. Maneno ya kitabu kile yalisimamiwa na padri wao, Percy Dearmer. Kila mmoja alibeba mzigo aliouweza.

Na hilo la Bach mwenyewe umelielekeza unakotaka wewe. Ni kweli, ule wimbo wa kwanza wa Oratorio aliutunga Desemba 1733 kwa siku ya kuzaliwa ya malkia, ngoma na tarumbeta zikimsifu yeye, na mwaka uliofuata akaubadilisha maneno akampa Mtoto wa horini. Unasema hiyo inaonyesha kwamba sauti haina dini. Mimi naona Bach alijua tuni ile haiwezi kubaki na jina la malkia na ikaenda kwa Bwana. Alibadilisha jina. Angekuwa anaona jina ni kitu cha kupita tu mdomoni, angejisumbuaje?

Kuhusu Irving Berlin, yule mtunzi wa "White Christmas", sitabishana nawe. Myahudi yule hakusema asichokiamini. Wimbo wake hautaji hori wala Mwokozi, unataja theluji na hamu ya mtu ya kuiona Krismasi aliyoizoea. Kila Desemba unapigwa kwenye maduka ya Moshi mjini na sisi theluji yetu iko juu ya mlima tu. Ila sikujua mpaka uliponiandikia kwamba mtoto wake wa kiume, wa wiki tatu, alifariki tarehe 25 Desemba 1928. Nimelifikiria hilo siku nyingi. Mtu aliyefiwa katika siku hizo anasikia nyimbo zetu kwa sikio jingine, awe anaamini au haamini. Na wewe unaijua Krismasi ninayoisema, sina haja ya kuiandika. Ulikuwa na miaka 13. Kulikuwa na watoto wengine katika kwaya ile waliokuwa na sauti nzuri, na mwalimu wa kwaya angeweza kumpa mmoja wao ubeti wa peke yake. Watu walisema uliimba kama malaika, na mwalimu akapokea sifa.

Kama ndipo ulipoanza kutoka, mbona hukuniambia? Ungeniambia.

Nikueleze habari za Hajati wa dukani, maana tangu nipate habari yako nimekuwa nikikaa naye kuliko nilivyokaa naye miaka 20. Unajua kila mkesha wa Krismasi matarumbeta yakianza kupanda kutoka kanisani yeye hutoa kigoda chake nje, ajifunge kanga mbili kwa baridi, asikilize mpaka mwisho. Mimi nilidhani ni ujirani tu. Wiki iliyopita nikamuuliza waziwazi: Hajati, wewe Mwislamu, nyimbo zetu zinakuingiaje? Akaweka mizani chini, akafuta mikono unga. Akasema, "Mwalimu, Isa bin Maryamu namjua. Mama yake ana sura nzima katika Kurani, na uchungu ulipomshika alikuwa chini ya mtende, peke yake, akatamani angekufa kabla ya siku ile. Mkiimba habari za yule binti na mtoto wake, naimba moyoni. Mkifika pale mnapomwita Mwana wa Mungu, nanyamaza. Mkipita hapo, naendelea."

Miaka yote hiyo amekaa pale kwenye kigoda akiimba na kunyamaza, akiimba na kunyamaza, na mimi sikujua. Huyo mwanamke anajua mahali pake pa kunyamaza kama anavyojua bei ya sukari. Wewe wa kwako uko wapi? Ndilo ninalokuuliza na sitachoka kuuliza. Ukifika kwenye jina lake unalisema kwa nguvu kwa sababu nota imeandikwa nguvu? Unalipita? Unamwona mama yako? Lolote utakalonijibu nitalipokea, ila usiniambie kwamba ni sauti tu. Besi kama yako haitoki mahali pasipo na kitu.

Yule mwenzako wa chumba, Muirani anayeuza lozi za sukari kwenye soko la Krismasi, umesema kila msimu anasikia nyimbo zilezile saa kumi kwa siku, kuanzia Novemba, na anajiona kama mtu aliyekaa sebuleni kwa wenyewe, wakipongezana, hakuna anayemfukuza wala anayemkaribisha. Nimesoma kwamba soko hilo lipo tangu 1458. Mtu mmoja hawezi kulinyamazisha, wala sidhani anataka hivyo. Lakini wewe mkaribishe. Tarehe 25 pika, hata kama ni wali na maharage, ukae naye. Usimwache siku ile asikie nyimbo kupitia ukutani.

Na kwa sababu ya maneno ya huyo Muirani nimepanda mwenyewe juu ya mnara na fundi, tumezigeuza zile spika mbili za kanisa. Zilikuwa zimeelekea nyumba ya Hajati tangu tulipozifunga. Sasa zinaelekea bonde la mto. Kwa miaka hiyo yote hakusema neno, nami nilichukulia kunyamaza kwake kuwa ni kupenda. Kigoda alitoa kwa ajili ya matarumbeta; spika hakuzichagua.

Wazee wa kanisa nimewaambia kwamba unaimba Bach katika mji wa Bach. Nilisimama kwenye kikao nikasema: wamisionari wa Leipzig walitufikia 1893 na vitabu vyao vya nyimbo, na leo mtoto wa Machame anawaimbia wao Krismasi nyumbani kwao. Walipiga makofi. Mzee mmoja alilia. La karatasi sikuwaambia. Nimejiuliza kama huko nako si kuimba nisichokiamini, na bado sikuwaambia.

Usiende kwenye meza ya Bwana ili kunifurahisha utakapokuja. Nakukataza. Na usimcheke anayesali mbele yako. Ukiwa huko utawasikia wanaocheka, na wewe una ulimi mwepesi, umeurithi kwangu. Vaa soksi mbili. Yule msichana uliyemtaja mara moja katika ujumbe halafu hukumtaja tena, kama yupo, mwambie kwamba nimeuliza habari zake.

Barua hii anakuletea mgeni wa usharika anayerudi huko Alhamisi. Ndani ya bahasha kuna jani la sale. Litafika limekauka. Kwetu aliyeletewa sale kuombwa msamaha hakatai, unajua hivyo, lakini sitaki jani likulazimishe ukiwa mbali na watu wa kukusimamia. Liweke tu mahali. Nimelikata kwenye ule mpaka wa juu ya kihamba, karibu na kaburi.

Kaburi lenyewe mvua za vuli zimekula saruji upande wa chini. Fundi anataka mifuko miwili na siku moja ya kazi; fedha uliyotuma mwezi uliopita itatosha, usiongeze. Ng'ombe amezaa dume, nilitaka jike. Kahawa ya mwisho tumeichuma, punje ndogo. Dada yako amenunua mbuzi wa Krismasi mapema kwa sababu wiki ya mwisho, wakianza kupanda wa Dar es Salaam na magari yao, bei haishikiki. Kidari tutakuwekea jina lako kama kawaida na atakula mtoto wa dada yako.

Kwaya haiko vizuri. Besi wamebaki wawili, na mmoja ana pumu. Tarumbeta ile kubwa, uliyoifunga mpira wa baiskeli kwenye kitufe cha pili, bado inafanya kazi kwa mpira uleule. Nimeikataza kuguswa na vijana. Nataka mwaka huu tujaribu angalau mistari kumi ya ule wimbo wa kwanza wa Bach, tukitumia ngoma zetu mahali pa ngoma zake. Usicheke, najua ni mgumu. Niandikie sauti ya nne kwa solfa, kwa mkono wako, maana hawa wawili nota za mistari hawazijui. Kijerumani weka pembeni. Maneno ya Kiswahili nitayatafuta mwenyewe.

Dada yako anasema mnaimba Jumamosi kabla ya Krismasi, mnaanza saa moja jioni. Wakati wa baridi ninyi mko nyuma yetu saa mbili, kwa hiyo kwetu itakuwa saa tatu usiku. Nitakuwa sijalala. Hajati ameomba nimwambie siku ikifika.

Ni mimi,
Baba yako